Choo Kinachovuja Usiku na Mfuko wa Diakonia



Mara nyingi katika kurasa hizi tumeandika juu ya visima, ng'ombe wa maziwa, miche ya miti na vikundi vya kuweka na kukopa. Safari hii tunaandika juu ya choo. Tunaomba msicheke kwanza. Jambo hili limeigharimu hosteli yetu fedha nyingi, na limetufanya tumtilie shaka mtu asiye na kosa. Tumeona ni vema tuwaeleze kila kitu, kisha tuwaeleze namna ya kulitambua na kulitengeneza tatizo hili wenyewe, iwe ni nyumba ya mchungaji, zahanati, shule au nyumba zenu za kuishi.

Jinsi ilivyotokea

Kama mjuavyo, mapato ya hosteli yetu, baada ya kutoa mishahara na gharama za uendeshaji, huingia katika mfuko wa diakonia. Mfuko huo ndio unaolipa ada na sare za watoto wanaosaidiwa na sharika. Kwa kawaida hosteli hutumia maji kama uniti 40 kwa mwezi. Uniti 1 ni lita 1,000. Kisha bili ikaja ya uniti 78. Mwezi uliofuata ikaja ya uniti 81, na wa tatu uniti 80. Wageni hawakuwa wameongezeka. Mtunza hazina alituonyesha hesabu na kutuambia wazi kuwa tukiendelea hivyo, muhula ujao baadhi ya watoto tungeshindwa kuwalipia.

Tulikwenda kukagua. Tulizunguka mchana, tukafungua na kufunga mabomba yote, tukatazama bustani, tukachimba mtaro kulifuata bomba tangu kwenye mita hadi ukutani. Hatukuona hata unyevu. Tukarudi ofisini, tukaanza kuandaa barua ya kuwaomba wafadhili fedha za kubadili bomba lote.

Kamati ilipokutana, mmoja wetu alisema kwamba maji yanayopotea bila kuonekana huenda yanauzwa. Nani yuko pale usiku? Mlinzi. Hakuna aliyemtaja kwa jina, lakini tangu siku ile mzee yule alianza kuulizwa maswali ambayo hakuwa ameulizwa kamwe katika miaka yake yote ya utumishi. Funguo za koki ya nje zikachukuliwa kwake. Alizitoa bila neno.

Mita haisemi uongo

Kabla ya barua kutumwa tuliamua kufanya kipimo kimoja rahisi, ambacho tulipaswa kukifanya mwanzoni kabisa. Tuliomba wageni waliokuwapo wasitumie maji kuanzia saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri, tukawawekea ndoo za maji vyumbani. Tulisoma mita saa 4 usiku, tukaandika tarakimu zote pamoja na zile nyekundu. Tukaa pale pale usiku kucha, sisi wawili na mlinzi. Saa 11 alfajiri tulisoma tena. Lita 735 zilikuwa zimepita, na hakuna aliyefungua bomba wala aliyebeba ndoo kutoka getini.

Ndipo tulipoanza kupita chumba kimoja kimoja, taa zikiwa zimezimwa na watu wametulia, tukisikiliza. Katika vyoo viwili vya jengo la zamani tulisikia maji. Kimoja kilikuwa na mlio mdogo kama wa nyuki. Cha pili maji yalikuwa yakiteremka waziwazi ndani ya sinki la choo. Mchana kile cha pili kilikuwa kimya kabisa.

Sababu ya tofauti hiyo ni hii. Jengo la zamani hupata maji moja kwa moja kutoka bomba la mtaa. Mchana watumiaji ni wengi na maji huja kwa nguvu ndogo. Usiku watu wakilala, nguvu ya maji katika bomba hupanda. Koki ya ndani ya tangi la choo iliyochakaa inaweza kuyazuia maji ya mchana, ikashindwa na yale ya usiku. Hivyo basi, ukaguzi wa mchana peke yake hautoshi.

Tangi la choo linavyofanya kazi

Ukifungua kifuniko cha tangi la choo cha kuvuta maji utakuta vitu vichache tu, na maji yaliyomo ni safi, ndiyo yale yale ya bombani, kwa hiyo usiogope kuingiza mkono.

Kwanza ni koki ya kuingizia maji pamoja na boya lake. Maji yakipungua boya hushuka na koki hufunguka. Maji yakipanda boya hupanda nayo na koki hujifunga. Pili ni mpira wa kuziba tundu la chini. Ukivuta mkono au kubonyeza kitufe, mpira huinuka na maji huteremka kwa nguvu kwenye sinki. Tatu ni mrija wa kufurikia, ambao umesimama wima katikati ya tangi. Koki ikishindwa kufunga, maji huingia katika mrija huo na kwenda chooni badala ya kumwagika sakafuni. Mrija huu unailinda nyumba isifurike, lakini pia ndio unaoficha hasara, kwa sababu sakafu hubaki kavu huku mita ikizunguka.

Kwa hiyo maji yanayotiririka bila kukoma yana njia mbili tu za kupotelea: kupitia juu kwenye mrija, ambapo kosa ni la koki au boya, au kupitia chini kwenye tundu, ambapo kosa ni la mpira.

Baadhi ya nyumba za zamani za misheni zina matangi ya aina ya Kiingereza, ambayo hayana mpira wa chini bali yana kengele au bomba lililopinda linalonyonya maji unapovuta mnyororo. Katika tangi la namna hiyo tafuta kwanza kosa kwenye koki na boya.

Namna ya kujua kosa liko wapi

1. Fungua kifuniko taratibu na ukilaze sakafuni. Ni cha udongo wa kuchomwa. Kikianguka kinavunjika na kukipata kinacholingana ni kazi.

2. Tazama mdomo wa mrija wa kufurikia. Kama maji yamefika mdomoni na yanaingia ndani, kosa ni la koki au boya. Tazama mchana, kisha tazama tena usiku.

3. Kama maji yako chini ya mdomo wa mrija, weka rangi ndani ya tangi. Sisi tulitumia kikombe cha kahawa nyeusi nzito. Juisi ya rozela nayo inafaa. Usivute maji. Subiri robo saa hadi nusu saa. Ukiona rangi imefika kwenye sinki la choo, mpira wa chini unavuja.

4. Ukitaka uhakika zaidi, funga koki ndogo iliyo ukutani chini ya tangi, chora mstari wa penseli ndani ya tangi mahali maji yalipo, na usubiri. Maji yakishuka chini ya mstari, ni mpira. Yakibaki pale pale, mpira ni mzima, rudi kwenye koki.

Kwenye choo chetu cha kwanza tulifunga koki ya ukutani na kusubiri dakika 10. Ili kuyarudisha maji kwenye mstari tulilazimika kumimina lita 5. Maana yake ni nusu lita kila dakika, mchana na usiku, yaani lita 720 kwa siku. Katika saa 7 za kipimo chetu choo hicho kilichukua lita 210. Zile 525 zilizobaki zilikuwa za choo cha pili, sawa na lita 75 kwa saa. Tukikadiria kwamba maji huwa na nguvu kwa saa 8 za usiku, choo cha pili kilipoteza lita 600. Jumla ni lita 1,320 kwa siku, au ndoo 66 za lita 20. Kwa siku 30 ni uniti 39.6. Ndizo zile uniti 40 tulizokuwa tukizitafuta ardhini kwa majembe.

Kutengeneza koki na boya

Anza na kilicho rahisi. Maji yanapaswa kusimama kama sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wa mrija. Ikiwa yanapita hapo, lishushe boya. Kama mkono wa boya ni wa shaba, ushike kwa mikono miwili na uupinde kidogo kuelekea chini. Kama ni wa plastiki usiupinde, utakatika. Utaona skrubu ndogo au kibanio cha kurekebishia. Vuta maji, acha tangi lijae, tazama tena.

Hakikisha boya haligusi ukuta wa tangi wala mnyororo. Lifungue na ulitikise karibu na sikio. Likiwa na maji ndani limetoboka na haliwezi kuelea vizuri, nunua jingine.

Kama boya ni zima na umelirekebisha lakini maji bado yanapita, inua boya kwa mkono hadi juu kabisa. Maji yasipokatika, tatizo liko ndani ya koki. Funga maji ukutani, fungua kichwa cha koki, na utaona washa ndogo ya mpira. Katika maeneo ya mgao, maji yanaporudi baada ya kukatika huja na mchanga na kutu, na chembe moja tu ikikaa chini ya washa inatosha kuizuia isifunge. Safisha, suuza, kagua washa. Ikiwa imechimbika katikati, ibadilishe. Hili ndilo lililokuwa kosa la choo chetu cha pili: washa ilikuwa na shimo na mchanga umekaa ndani yake.

Kutengeneza mpira wa chini

Funga maji ukutani, kisha vuta ili tangi litoke maji. Tazama mnyororo kwanza. Ukiwa umekaza sana huushikilia mpira juu. Ukiwa umelegea sana hunaswa chini ya mpira. Uache ulegee kidogo tu, kama upana wa kidole kimoja.

Kisha pitisha kidole kuzunguka mpira na mdomo wa tundu. Ukikuta utelezi au uchafu, sugua kwa kitambaa. Ukikuta ukoko mweupe wa maji ya chumvi, ulowanishe kwa siki au ndimu na usugue taratibu. Usikwangue kwa kisu, kwa sababu mkwaruzo utakuwa njia mpya ya maji. Mpira ukiwa umevimba, umepinda au unaacha weusi mkononi, umekwisha. Uchukue wenyewe mpaka dukani ukafananishe, maana saizi ziko nyingi na ukienda kwa kukumbuka utarudi mara ya pili.

Matangi mapya yenye kitufe juu hayana mnyororo. Katikati yana mnara wa plastiki. Aina nyingi huzungushwa robo mzunguko kinyume cha saa na kuinuliwa. Chini yake kuna duara la mpira laini. Lioshe, na likiwa na alama ya kudumu libadilishe, au kwa muda liligeuze upande wa pili.

Tunatoa tahadhari juu ya vidonge vya dawa vinavyotumbukizwa ndani ya tangi. Dawa ya klorini ikikaa na mpira mchana na usiku huula. Safisha sinki la choo kwa kumimina dawa kwenye sinki lenyewe.

Mwisho fungua maji polepole, acha tangi lijae, na urudie kipimo cha kahawa. Kazi isiyopimwa tena usiihesabu kuwa imekwisha. Kama koki ya ukutani haifungi, au tangi lina ufa, au maji yanatoka mahali tangi linapokutana na sinki, mwite fundi bomba. Usilazimishe nati iliyoshikwa na kutu.

Hasara nyingine isiyo kwenye bili

Maji hayo yote hayaishii hewani. Huingia kwenye shimo la maji taka. Shimo hilo linahitaji utulivu ili uchafu mzito ukae chini na maji peke yake yaende kwenye shimo la kunyonya. Likipokea lita 1,320 za ziada kila siku, uchafu husukumwa kabla haujatulia, na shimo la kunyonya huziba mapema. Hosteli iliita gari la kunyonya maji taka mapema kuliko kawaida mwaka huo, nasi tulidhani ni mvua.

Aidha, kuna majirani zetu. Bomba la mtaa ni moja. Akina mama walio mwisho wa bomba hilo huamka usiku kusubiri maji yafike kwao, na saa hizo hizo sisi tulikuwa tukiyapitisha chooni.

Tunayopendekeza kwa kamati za sharika

Kwanza, mteueni mtu mmoja wa kusoma mita kila Jumamosi na kuandika katika daftari. Bili huja mwezi umekwisha. Daftari litawaambia ndani ya wiki moja.

Pili, mara moja kwa mwezi soma mita usiku na alfajiri maji yakiwa yamefungwa. Kama mna tangi kubwa la akiba, hakikisheni limejaa au koki yake imefungwa, vinginevyo mita itazunguka kwa kulijaza na mtapata jibu la uongo. Tangi hilo nalo lina boya, likaguliwe.

Tatu, wekeni akiba ya washa chache, mpira mmoja wa kila aina ya choo mlicho nacho, na spana moja.

Nne, mnapoandika mradi wowote wenye maji, wekeni fungu la matengenezo tangu mwanzo, hata liwe dogo. Kwa wafadhili wetu tunasema hili kwa unyenyekevu: tunajua si rahisi kupiga picha ya washa na kuiweka katika taarifa kama mnavyoweza kuipiga picha ya kisima kipya. Lakini mara nyingi kitu kidogo kama hicho ndicho kinachoamua kama zawadi yenu itadumu. Barua ile ya kuomba bomba jipya hatukuituma. Mpira mmoja na washa moja, pamoja na nusu siku ya kazi, vilimaliza jambo. Bili iliyofuata ilikuwa ya uniti 41, na watoto wote walikwenda shule muhula ulipofunguliwa.

Tano, na hili ndilo lililotuuma zaidi, pimeni kabla ya kumshuku mtu.

Asubuhi ile baada ya kipimo tulimwendea mlinzi kibandani kwake. Tulimwamkia, akaitikia. Tukamwambia, "Mzee wetu, tumekukosea. Tunaomba utusamehe." Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Yamekwisha, wanangu. Hayo maji nilikuwa nayasikia kila usiku. Nilidhani mnajua, maana nyinyi ndio wasomi, na hakuna aliyeniuliza."

Tulimrudishia funguo mbele ya kamati nzima, na mwenyekiti akayasema makosa yetu kwa sauti ili yaandikwe katika kumbukumbu za kikao. Tangu siku hiyo yeye ndiye msomaji wa mita wa hosteli, na daftari lake halina siku iliyorukwa.

Bwana wetu alipokwisha kuwalisha maelfu kwa mikate mitano na samaki wawili, aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki ili kisipotee chochote. Aliyeweza kuzidisha mikate hakuona aibu kuhesabu makombo. Nasi tulioaminiwa sadaka za wajane na zawadi za ndugu wa mbali tusione aibu kufungua kifuniko cha tangi la choo.

Leo usiku, kabla ya kulala, zimeni redio, simameni mlangoni mwa choo chenu mkasikilize kwa dakika moja. Mkisikia maji, mwajua pa kuanzia.

Mungu awabariki.